Je, Darwin Aliokoka Kabla ya Kufa?

Majuzi kwenye grupu yetu ya WhatsApp ilipita tena ile hadithi ya Charles Darwin, yule mzee wa nadharia ya mageuko: kwamba akiwa kitandani anakufa, alikana vitabu vyake, akaomba Biblia, akampokea Yesu. Amina zilimiminika. Wiki hiyo hiyo kijana wetu mmoja anayesomea baiolojia chuoni alinipigia simu usiku. Alikuwa ameambiwa achague, ama kozi yake ama wokovu wake, na alitaka kujua kama ni lazima.

Mimi nayaona mambo hayo mawili kuwa jambo moja. Hadithi ya kitandani haikutokea, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kulijua hilo kwa dakika mbili. Akishajua, ataanza kujiuliza ni nini kingine tulichomwambia ambacho si kweli. Ndiyo maana leo, badala ya muhtasari wa mahubiri ya Jumapili, nawasimulia maisha ya huyu mtu. Mimi nilisomea biashara, si sayansi, kwa hivyo mtaniona nikikimbilia hesabu mara kwa mara. Mnivumilie.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mwenye pesa. Mama yake alikufa Charles akiwa na miaka 8. Babu yake, Erasmus Darwin, naye alikuwa daktari, na miaka mingi kabla ya Charles kuzaliwa alikuwa ameshaandika kwamba huenda viumbe vyote vilitoka katika chanzo kimoja. Kule Ufaransa, Lamarck alikuwa akifundisha kwamba viumbe hubadilika kizazi hata kizazi. Yaani wazo la mageuko halikuanza na Darwin. Tukisema alilitunga yeye, tunamkosea na tunajikosea.

Baba alimpeleka Edinburgh asomee udaktari. Huko alimwona mtoto akipasuliwa bila dawa ya usingizi, kwa maana ilikuwa bado haijapatikana, akatoka mbio na hakurudi tena katika chumba kile. Kitu alichotoka nacho Edinburgh kilikuwa ufundi wa kukausha ndege, na aliyemfundisha ni John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa kule Guyana akapata uhuru wake. Baba aliona udaktari umeshindikana. Akampeleka Cambridge asomee ukasisi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Darwin alikuwa anaandaliwa kuwa mchungaji wa Kianglikana. Tuseme ukweli, hakuwa na wito. Ilikuwa kazi ya heshima ambayo ingemwachia muda wa kukusanya wadudu. Walimu waliompenda pale Cambridge walikuwa makasisi: Henslow aliyefundisha mimea, na Sedgwick aliyefundisha jiolojia, ile elimu ya miamba na ardhi.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapochanganya. Tunadhani kabla ya Darwin kila Mkristo aliamini dunia ina miaka elfu sita, halafu yeye akaja akavuruga. Hesabu hiyo inajulikana sana kupitia Askofu Mkuu Ussher wa Ireland, aliyeandika mwaka 1650 kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, na baadaye tarehe zake zikachapwa pembeni mwa Biblia za Kiingereza. Lakini kufikia mwaka 1831, Kasisi Sedgwick na wenzake walikuwa wameshakubali kwamba dunia ni ya zamani mno kuliko hapo. Watu wa Mungu walilisoma Mwanzo sura ya kwanza kwa njia tofauti. Wengine walisema siku zile ni enzi ndefu. Mhubiri maarufu wa Scotland, Thomas Chalmers, alifundisha kwamba kati ya mwanzo wenyewe na zile siku sita kulikuwa na kipindi kirefu kisichoelezwa.

Ubishi mkubwa wa wakati ule, basi, ulikuwa juu ya mwendo. Mfaransa Cuvier alionyesha kwamba kuna wanyama waliotoweka kabisa, akasema dunia imepitia misukosuko ya ghafla iliyofuta viumbe vya nchi nzima. Hakukubali kwamba kiumbe hugeuka kuwa kingine. Mwingereza Lyell alisema hapana, hakuna haja ya ghafla: mvua ile ile, mito ile ile, volkano na matetemeko yale yale tunayoyaona leo, ukivipa muda wa kutosha, vinachimba mabonde na kuinua milima. Cuvier ghafla, Lyell polepole. Kumbuka majina hayo mawili.

Tarehe 27 Desemba 1831 Darwin, akiwa na miaka 22, aliondoka Plymouth kwenye meli iliyoitwa Beagle. Nahodha FitzRoy alimpa kitabu cha kwanza cha Lyell asome safarini. Safari ilichukua karibu miaka mitano.

Februari 1835, wakiwa Chile, nchi ilitetemeka. Walipofika mji wa Concepción walikuta magofu. Lakini Darwin aliona kitu kingine pwani. Kome waliokuwa wameshikamana na miamba chini ya maji walikuwa sasa juu ya maji, wamekufa, wananuka. Ardhi ilikuwa imeinuka futi kadhaa kwa siku moja. Wiki chache baadaye alipanda milima ya Andes akakuta makombe ya bahari yamegeuka mawe huko juu kwenye baridi. Akajumlisha. Tetemeko moja, futi chache. Matetemeko mengi, miaka mingi, mlima. Tangu siku hizo akawa mtu wa Lyell, mtu wa polepole, na hakubadilika maisha yake yote.

Visiwa vya Galápagos, ambavyo shuleni tunaambiwa ndipo alipofumbuliwa macho, alivipita haraka. Ndege aliokusanya hakuandika vizuri wametoka kisiwa kipi. Ni mwaka 1837, akiwa London, mtaalamu wa ndege aitwaye John Gould alipomwambia kwamba wale ndege wadogo wenye midomo tofauti walikuwa aina mbalimbali za jamii moja. Ndipo alipoanza kujiuliza kama walitoka kwa mzazi mmoja.

Mwaka 1838 alisoma kitabu cha Malthus. Huyu sisi wa biashara tulikutana naye darasani: mwanauchumi, na tena kasisi, aliyesema watu huongezeka haraka kuliko chakula. Darwin aliona ndio mlango aliokuwa akiutafuta. Kila kiumbe huzaa kuliko wanaoweza kuishi, watoto hawafanani, na mwenye kasoro ndogo inayomfaa mahali alipo ana nafasi zaidi ya kuishi na kuzaa. Mfugaji wa ng'ombe huchagua fahali, na baada ya miaka zizi lake limebadilika. Darwin alisema mazingira yenyewe huchagua, bila mfugaji, na kwa muda mrefu zaidi. Aliita uteuzi wa asili.

Kisha akanyamaza miaka ishirini.

Mwaka 1839 alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood. Emma alikuwa mama wa imani. Kabla ya harusi Charles alimwambia mashaka yake, ingawa baba yake alikuwa amemshauri afiche. Emma akamwandikia barua ya upole. Aliogopa kwamba mtu aliyezoea kutoamini kitu mpaka kithibitishwe anaweza kukosa mambo ambayo hayathibitishwi kwa njia hiyo. Na aliogopa zaidi kwamba wao wawili hawatakuwa pamoja milele. Charles aliihifadhi barua ile maisha yake yote, na chini yake akaandika maneno kwa mkewe ya kuonyesha kwamba ameibusu na kuilia mara nyingi.

Walihamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent, mwaka 1842. Walizaa watoto kumi. Watatu walikufa wakiwa wadogo. Aliyemvunja baba alikuwa Annie. Aprili 1851 alikuwa Malvern kwa matibabu, na baba yake akakaa naye kitandani siku hadi siku, huku Emma akiwa nyumbani na mimba kubwa, hawezi kusafiri. Annie alikufa tarehe 23, ana miaka 10.

Nimesikia mahubiri mengi yakisema visukuku ndivyo vilivyomtoa Darwin kanisani. Ukisoma aliyoyaandika mwenyewe kuhusu maisha yake, utaona kidonda kilikuwa pengine pia. Baba yake alikufa mwaka 1848 bila imani, na Darwin hakuweza kukubali fundisho kwamba baba yake na marafiki zake wa karibu wataadhibiwa milele. Kisha Annie. Anaeleza kwamba kutoamini kulimwingia kwa mwendo wa polepole sana, mpaka hakusikia uchungu wowote. Watu walimletea hoja za miamba. Sijui ni wangapi waliomuuliza kuhusu mtoto.

Juni 1858 ilifika barua kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akikusanya wanyama katika visiwa vya mashariki ya mbali. Wallace alikuwa amefikia wazo lile lile. Marafiki wa Darwin walipanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja London tarehe 1 Julai. Darwin hakuwapo. Siku hiyo alikuwa akizika mtoto wake wa mwisho, Charles Waring, hajafikisha miaka miwili. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Novemba 1859, kitabu chake juu ya asili ya viumbe kilitoka, nakala 1,250.

Sasa tuje kwenye ule mwendo. Darwin alihitaji muda, muda mwingi mno. Ni kama mtu aliyeandika mpango wa biashara ambao faida yake inakuja baada ya miaka mia, halafu anaenda benki kuulizia muda wa mkopo. Katika toleo la kwanza alipiga hesabu ya jinsi bonde moja la kusini mwa Uingereza lilivyochimbwa na bahari, akapata miaka milioni 300. Hesabu ilikosolewa vikali, naye kufikia toleo la tatu akaiondoa kabisa.

Benki iliyomnyima mkopo ilikuwa William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, bingwa wa fizikia na mtu wa kanisa. Thomson alisema hivi: ukichimba migodi unakuta joto linaongezeka kadiri unavyoshuka. Basi dunia ilianza ikiwa moto, na inapoa kama sufuria iliyoepuliwa jikoni. Ukijua inapoa kwa kasi gani, unajua iliepuliwa lini. Mwaka 1862 alisema ni kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kadiri miaka ilivyopita aliendelea kuibana, mpaka mwaka 1897 akafika kati ya milioni 20 na 40. Kwa Darwin huo ulikuwa umaskini. Aliihesabu hoja ya Thomson miongoni mwa shida zake kubwa kabisa, na alikufa bila kuijibu. Baada ya kufa kwake ndipo wanasayansi walipogundua kwamba miamba ina madini yanayozalisha joto yenyewe, kitu ambacho Thomson hakukijua alipopiga hesabu yake. Leo wanasema dunia ina miaka kama bilioni 4.5.

Na wapinzani hawakuwa nje tu. Huxley, rafiki aliyempigania hadharani kuliko wote, alimwonya hata kabla kitabu hakijafika madukani kwamba amejibebesha mzigo bila sababu kwa kushikilia kwamba maumbile hayaruki kamwe. Huxley aliamini yanaweza kuruka. Kisha kulikuwa na ile tabaka ya miamba ambamo wanyama wa aina nyingi wanaonekana kana kwamba wametokea kwa ghafla, bila wazee wao chini yao. Darwin hakuificha shida hiyo. Aliiandika mwenyewe kitabuni, akasema ni hoja halali dhidi yake, akajitetea kwamba kumbukumbu za miamba ni kama kitabu kilichochanwa kurasa nyingi. Katika matoleo ya baadaye alikubali kwamba huenda kiumbe hubadilika kwa kipindi kifupi kisha hukaa muda mrefu bila kubadilika. Mwaka 1972 Wamarekani wawili, Eldredge na Gould, walilichukua jambo hilo wakalifanya hoja kubwa: kutulia kwa muda mrefu, kisha mabadiliko ya haraka, ingawa haraka ya watu wa miamba ni maelfu ya miaka. Ubishi kuhusu mwendo bado upo kati yao, na wanaobishana wote wanakubali mageuko. Kwa hivyo tukisikia wanasayansi wanabishana, tusikimbilie kutangaza kwamba nadharia imeanguka. Hiyo si haki, na yule kijana wetu wa baiolojia ataijua mara moja.

Upande wa waumini nao haukuwa mmoja. Sedgwick, yule mwalimu kasisi, aliumia sana alipokisoma kitabu, akamwandikia mwanafunzi wake wa zamani kwa huzuni. Lakini Asa Gray, profesa wa mimea kule Harvard na Mkristo wa Kipresibiteri anayeikiri imani yake wazi, ndiye aliyemtetea Darwin Marekani. Gray aliamini Mungu anaweza kuumba kwa njia hiyo. Waliandikiana miaka mingi. Darwin alimjibu kwamba akitazama mateso yaliyo duniani haoni mkono wa mema kama Gray anavyouona, na wakati huo huo hawezi kuamini kwamba ulimwengu huu wa ajabu ni bahati tu. Hapo alibaki amekwama. Mimi ninaamini Mungu aliumba. Ni kwa muda gani na kwa njia gani, hata katika ushirika wetu hatuko mahali pamoja, na wazee wa kanisa wanalijua hilo.

Kuna jambo ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita. Familia ya Darwin ilipinga utumwa, na aliyoyaona Brazil yalimchoma moyo. Hata hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu alizipanga jamii za watu kwa ngazi, Wazungu juu, akatarajia kwamba waliostaarabika watawafuta wale aliowaita washenzi. Hilo ni baya na lilitumiwa vibaya. Katika kitabu hicho hicho alisema inaelekea chimbuko la binadamu ni Afrika, wakati ambapo hakukuwa na kisukuku hata kimoja cha kumuunga mkono. Mifupa ya Turkana iliyoko Nairobi leo ni sehemu ya mjadala huo.

Kijijini Downe alikuwa mtu tofauti na yule wa katuni za magazeti. Kasisi wa pale, Innes, alikuwa rafiki yake, ingawa hawakukubaliana karibu kwa lolote. Kwa miaka 30 Darwin alikuwa mweka hazina wa chama cha wafanyakazi wa kijiji, watu wanaochanga pole pole ili mmoja akiugua au akifiwa asaidiwe. Wenye vyama mtanielewa: miaka thelathini, na pesa za watu hazikupotea. Alichanga pia kwa ajili ya wamisionari wa Amerika Kusini, baada ya kukubali kwamba walifaulu kwa watu wa Tierra del Fuego ambao yeye alidhani hawawezi kubadilika.

Kitabu chake cha mwisho, mwaka 1881, kilihusu nyungunyungu, ile minyoo ya shambani. Desemba 1842 alikuwa amemwaga chokaa ya vipande juu ya shamba moja. Miaka 29 baadaye alichimba mtaro akakuta mstari mweupe inchi 7 chini ya ardhi. Minyoo ilikuwa imeufukia, robo ya inchi kila mwaka. Mzee yule alisubiri miaka 29 kupima kazi ya minyoo! Nikiwaza subira hiyo, naelewa kwa nini hakumkubali mtu wa ghafla.

Alikufa nyumbani kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Aprili 1882, na miaka 73. Emma alikuwa naye, na watoto. Ile hadithi ya kuokoka ilichapishwa mwaka 1915 Marekani, miaka 33 baadaye, na iliyoisimulia ni mhubiri wa kike aitwaye Lady Hope. Hata yeye hakusema alikuwa pale wakati wa kufa. Alisema alimtembelea miezi kadhaa kabla, akamkuta anasoma Waebrania. Kitanda cha kufia kiliongezwa na wasimuliaji waliofuata. Mwaka 1922 binti yake, Henrietta, aliyekuwa pale baba akifa, aliandika katika gazeti la Kikristo kwamba Lady Hope hakuwapo katika ugonjwa wake wowote, na kwamba baba yake hakukana lolote. Miaka mitatu kabla ya kufa Darwin alikuwa ameandika kwamba hakuwahi kuwa mtu wa kusema hakuna Mungu, na kwamba hali yake ilikuwa ya mtu asiyejua.

Alitarajia kuzikwa Downe, kwenye uwanja wa kanisa la kijiji, walipolala watoto wake wawili wachanga. Marafiki zake wakuu wa sayansi waliomba azikwe kwa heshima ya taifa, na tarehe 26 Aprili akazikwa Westminster Abbey, London. Emma hakwenda. Alibaki nyumbani siku hiyo. Aliishi miaka mingine 14, akafa Oktoba 1896, akazikwa Downe.